Njaa ya Tumbo na Njaa ya Moyo

Msomaji, ukipata siku moja kusafiri katika sehemu za Masinga, katika nchi ya Machakos, utakiona kilima cha Kivaa juu ya nyika kavu ya miiba. Si mbali na hapo hupita mto Tana, nao umezuiwa kwa mabwawa makubwa: bwawa la Kamburu lilianza kazi mwaka 1974, na lile la Masinga mwaka 1981. Maji hayo huzalisha umeme unaowasha taa za miji ya mbali, walakini mashamba ya wenyeji wa huko hungojea mvua, na mvua ya nchi ile huja ikitaka, na isipotaka haiji.

Kwa sababu hiyo watu wa Ukambani wanaijua njaa kama mtu amjuavyo jirani mbaya, na kila njaa kubwa wameipa jina lake. Ile iliyowapiga mwaka 1898 na 1899, wakati reli ilipokuwa ikipita katika nchi, huitwa Ngomanisye, maana ilifika kila mahali. Ile ya mwaka 1961 huitwa Njaa ya Ndeke, yaani njaa ya ndege, kwa kuwa chakula cha msaada kiliangushwa toka angani kuwafikia watu. Na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuja nyingine iliyoitwa Nikw'a Ngwete, yaani "nafa nami nimeshika", kwa sababu watu walikuwa na fedha mkononi wala hapakuwa na kitu cha kununua. Majina haya ni historia iliyoandikwa katika ndimi za watu. Mzee akikutajia njaa aliyozaliwa ndani yake, amekwisha kukutajia umri wake.

Lakini, msomaji, iko njaa nyingine ambayo haikupewa jina lolote na wazee wetu, nayo ndiyo nitakayo kukueleza katika insha hii. Njaa hii haitoki kwa kukosa mvua. Humjia mtu ambaye ghala yake ina mahindi na sufuria yake ina muthokoi. Mfikirie mwanafunzi wa shule ya bweni. Amepokea matokeo mabaya ya mtihani, au amepata barua ya msiba kutoka nyumbani, au amechekwa na wenzake kwa ajili ya umbo la mwili wake. Usiku, wenziwe wakiisha kulala, hufungua sanduku lake na kula mkate mzima, sukari, na kila kitu alicholetewa na mama yake kiwe akiba ya mwezi. Hali kwa sababu ya kuona utamu, wala hali kwa sababu ya kuona njaa. Hula upesi, kwa siri, kama mtu anayefukuzwa, wala hawezi kujizuia mpaka tumbo lake limuume. Kisha hulala akilia kwa aibu. Kesho yake huapa kwamba hatakula kitu kutwa nzima ili kulipia kosa la jana.

Tukiambiwa habari ya mwanafunzi huyo, neno la kwanza linalotujia mdomoni ni ulafi. Neno hilo ni hukumu, na aliyehukumiwa hatafutiwi dawa. Mlafi hupenda chakula na kukifurahia mbele za watu. Lakini huyu hukiogopa chakula, hukila gizani, na kila tonge humwongezea majuto. Katika insha hii hali hiyo nitaiita kufakamia, na nitakuonyesha jinsi wataalamu walivyoijua hatua kwa hatua kwamba ni ugonjwa, jinsi walivyoutafutia tiba, na jinsi walivyogundua kwamba katikati ya tiba yenyewe adui mkubwa ni huzuni ya moyo.

Habari yetu yaanza mahali usipopatazamia. Mwezi wa Novemba mwaka 1944, Vita Kuu ya Pili ikikaribia mwisho wake, vijana wa kiume 36 walikusanyika katika Chuo Kikuu cha Minnesota, katika nchi ya Marekani. Walikuwa watu waliokataa kushika silaha kwa ajili ya imani na dhamiri zao, nao walitaka kuwafaa wanadamu kwa njia nyingine. Mamilioni ya watu wa Ulaya walikuwa wakifa njaa, na mtaalamu mmoja, Ancel Keys, alitaka kujua namna bora ya kuwalisha tena watu waliokonda. Kwa hiyo aliwaomba vijana hao wakubali kukondeshwa. Kwanza walilishwa vizuri kwa majuma 12. Kisha, kwa majuma 24, walipewa karibu nusu tu ya chakula walichokizoea: viazi, mkate, makaroni na mboga za mizizi, huku wakitakiwa kutembea kiasi cha kilometa 35 kila juma. Kila mmoja alipoteza karibu robo ya uzito wa mwili wake.

Kwamba miili yao ilidhoofika halikuwa jambo la ajabu. Jambo lililowashangaza wataalamu ni lile lililotokea katika mioyo yao. Vijana hao, waliochaguliwa kwa afya na utulivu wao, waligeuka kuwa wenye huzuni, wepesi wa hasira, na wapenda upweke. Mawazo yao yote yalikwenda kwenye chakula. Wengine walianza kukusanya vitabu vya mapishi na kuvisoma kama watu wengine wasomavyo hadithi. Wengine walishindwa kuvumilia, wakala kwa siri kuliko kipimo, kisha wakajilaumu vikali mno. Na zaidi ya hayo, walipokwisha kuruhusiwa kula watakavyo, baadhi yao walikula chakula cha watu wawili au watatu kwa siku moja, wakasema bado hawashibi. Iliwachukua miezi mingi kurudia ulaji wa kawaida. Keys na wenzake waliyaandika mambo hayo katika vitabu viwili vikubwa vilivyotolewa mwaka 1950.

Yakumbuke mambo hayo, msomaji, kwa maana yana mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba njaa ya tumbo huzaa huzuni ya moyo, hata kwa mtu aliyekuwa mchangamfu. La pili ni kwamba mtu aliyejinyima sana hujiandalia siku ya kufakamia. Mwili hauna habari kwamba mwenyewe amefunga kwa hiari ili apendeze machoni pa watu. Wenyewe hudhani Ngomanisye imerudi, ukajitetea kwa silaha zake zote. Basi yule mwanafunzi wetu aliyeapa kutokula kutwa nzima hakuufunga mlango wa ugonjwa, aliufungua.

Miaka michache baadaye daktari mmoja wa Marekani, Albert Stunkard, aliwachunguza wagonjwa wanene waliokuja kutaka kupunguzwa uzito. Mwaka 1959 aliandika kwamba baadhi yao walikuwa na namna ya pekee ya kula: chakula kingi mno kwa muda mfupi, kisha mateso ya mwili na kujihukumu. Katika miaka hiyo hiyo alikuwako mwanamke daktari, Hilde Bruch, aliyezaliwa Ujerumani na kuhamia Marekani mwaka 1934. Yeye aliwasikiliza sana watoto na wazazi wao, akaona kwamba watu wengine hawakupata kujifunza kupambanua njaa na hisia nyingine. Mtoto akilia kwa baridi, hupewa chakula. Akilia kwa hofu, hupewa chakula. Akilia kwa upweke, hupewa chakula. Basi akikua, kila uchungu wa moyo humwelekeza jikoni, naye husema kwa kweli kabisa, "Nina njaa," asijue kwamba ana huzuni.

Mwaka 1979 Gerald Russell, daktari wa London, aliwaeleza wagonjwa 30 waliokuwa wakifakamia, kisha wakijitapisha kwa hofu ya kunenepa. Muda mfupi baadaye Christopher Fairburn, wa Chuo Kikuu cha Oxford, alianza kutengeneza tiba ya maneno na mazoezi kwa ajili ya wagonjwa wa namna hiyo. Aliona kwamba ugonjwa huzunguka kama gurudumu. Mtu hujidharau kwa ajili ya umbo lake. Kwa kujidharau hujiwekea sheria kali za kula. Kwa ukali wa sheria hizo hupatwa na njaa. Siku moja hupatwa na jambo la kumhuzunisha, sheria ikavunjika, naye hufakamia. Na kwa kufakamia hujidharau zaidi kuliko kwanza. Gurudumu hilo hurudi lilikoanzia, likaendelea kuzunguka.

Tiba hiyo, kwa kuitazama tu, ni jambo dogo la kustaajabisha. Mgonjwa haambiwi apunguze chakula. Huambiwa ale milo mitatu kila siku, na kitu kidogo katikati ya mlo na mlo, kwa saa zake, apende asipende. Tena hupewa daftari, aandike kila alichokula, saa ngapi, wapi, na moyo wake ulikuwa katika hali gani. Njaa ya tumbo ikiisha kutulizwa kwa njia hiyo, kufakamia hupungua sana kwa wagonjwa wengi katika majuma machache. Hapo mgonjwa hufurahi, na daktari hufurahi.

Lakini hapo ndipo safari inapokuwa ngumu. Daftari lilionyesha kwamba mara nyingi kufakamia kulikobaki kulikuwa na wakati wake. Hakukuja baada ya mlo uliokosekana, bali baada ya ugomvi na mama, baada ya dharau ya rafiki, baada ya jioni ya upweke. Njaa ya tumbo ilikuwa imekwisha kuondoka, na njaa ya moyo ikabaki peke yake, ikaonekana wazi. Na mgonjwa aliyekuwa ameanza kupona, akianguka siku moja, huona haya kurudi kwa daktari. Husema moyoni, "Nimemwaibisha aliyenisaidia. Hakuna tiba kwa mtu kama mimi." Aibu hiyo ni huzuni mpya juu ya huzuni ya zamani, nayo humrudisha tena kwenye sanduku la chakula. Wengine huacha tiba hapo hapo, si kwa kuwa tiba imewashinda, ila kwa kuwa wameshindwa kusema kwamba wameanguka. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na msemo huo unawahusu hawa kuliko wengi.

Je, kufakamia huko humwondolea mtu huzuni yake? Wengi wangejibu ndiyo, kwa kuwa kama hakuna faraja yoyote, mbona mtu arudie? Wataalamu walitaka kulipima jambo hili badala ya kulikisia. Waliwapa wagonjwa vyombo vidogo vya kubeba mfukoni, vikawauliza mara nyingi kwa siku hali ya mioyo yao. Mwaka 2011 Alissa Haedt-Matt na Pamela Keel walikusanya pamoja tafiti 36 za namna hiyo. Waliona kwamba kabla ya kufakamia huzuni hupanda kuliko wakati mwingine wa siku, kama ilivyodhaniwa. Lakini baada ya kufakamia, mtu alipoulizwa tena, huzuni yake haikuwa imeshuka, ilikuwa imezidi. Wengine wamebisha, wakisema kwamba ukiifuata huzuni saa kwa saa utaiona ikififia baadaye polepole, na mashindano hayo ya wataalamu hayana ubaya, maana ndiyo njia ya elimu. Yawezekana pia kwamba faraja ipo, ila ni ya dakika zile chache mtu anapokula, wakati fikira zote zimezama katika chakula na kusahau kilichomuumiza. Ni mkopo wenye riba kubwa: dakika chache za kusahau hulipwa kwa usiku mzima wa majuto.

Kwa hiyo baadhi ya matabibu waliamua kuitibu huzuni yenyewe. Marsha Linehan, mtaalamu wa Marekani, alikuwa ametunga mafunzo ya kuwasaidia watu wenye mioyo inayochafuka upesi: kuitambua hisia na kuitaja kwa jina lake, kuivumilia bila kuikimbia, na kuchagua tendo lisilodhuru. Mwaka 2001 Christy Telch na wenzake walitoa habari za wanawake 44 waliokuwa na ugonjwa wa kufakamia. Nusu walipewa mafunzo ya namna hiyo, na nusu waliwekwa katika orodha ya kungoja. Mwisho wa mafunzo, miongoni mwa waliodumu nayo, karibu tisa katika kila kumi walikuwa wameacha kufakamia. Katika wale waliongoja, ni mmoja tu katika kila wanane. Baada ya miezi sita, waliokuwa wameacha kabisa walikuwa zaidi kidogo ya nusu. Nakupa hesabu zote mbili, ile ya kupendeza na ile ya kupunguza furaha, kwa sababu mwanafunzi wa historia hapaswi kuchagua inayompendeza peke yake. Tiba husaidia, na kuanguka tena hutokea. Mambo haya mawili ni kweli kwa pamoja. Mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani waliuandika ugonjwa huu katika kitabu chao cha maradhi kama ugonjwa kamili wenye jina lake, zaidi ya nusu karne tangu Stunkard alipoueleza.

Labda utauliza, "Mambo haya ya Minnesota na London yanatuhusu nini sisi watu wa Kenya?" Swali lako ni la haki, na jibu lake lina uchungu kidogo. Tangu mwaka 1938 hata 1950, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, ilikuwa chini ya daktari J. C. Carothers. Mwaka 1953 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika. Humo alisema kwamba ugonjwa wa huzuni ni nadra kwa Waafrika, akadai kwamba ni kwa kuwa Mwafrika hajioni kuwa yeye mwenyewe ana dhima ya makosa yake. Aliwahesabu waliofikishwa hospitali. Lakini ni nani waliofikishwa hospitali siku zile? Ni wale waliopiga kelele na kuvunja vitu, wakawatisha jirani zao na serikali. Mama aliyekaa kimya katika nyumba yake huko Ukambani, asiyelala usiku, asiyeona ladha ya maisha, hakuna aliyempeleka Mathari. Hakuhesabiwa, na kwa kuwa hakuhesabiwa ilisemekana hayuko.

Kosa hilo lilisahihishwa polepole, na wengi wa waliolisahihisha walikuwa Waafrika wenyewe. Mwaka 1979 David Ndetei na J. Muhangi walichapisha uchunguzi wao wa wagonjwa wa kawaida katika sehemu ya mashamba ya Kenya. Waliona kwamba watu wengi waliofika kwa maumivu ya mwili walikuwa na maradhi ya moyo na akili yaliyojificha chini yake. Mtu husema kichwa kinamuuma, kumbe ni moyo. Na mwaka 2022 Victoria Mutiso, Ndetei na wenzao walichapisha uchunguzi wa maelfu ya wanafunzi wa Kenya, wa shule za sekondari na wa vyuo. Walitafuta ugonjwa wa kufakamia, wakaukuta. Tena wakaukuta ukiandamana na huzuni na wasiwasi, kama ulivyokutwa kwingineko. Basi si ugonjwa wa Wazungu wala wa matajiri. Upo katika madawati ya shule zetu, na huenda, msomaji, unamjua mtu aliye nao.

Sasa turudi Kivaa. Wenyeji wa huko hawamcheki mtu aliyekonda kwa njaa, wala hawamwambii kwamba ni mvivu, kwa maana kila nyumba inajua kwamba njaa huja bila kualikwa. Njaa za Ukambani zilivumilika kwa sababu zilisemwa hadharani: zilipewa majina, watu wakahesabu nani amebakiwa na nini, walionacho wakawagawia wasionacho. Lakini njaa ya moyo kila mtu huipigana peke yake gizani, na jina pekee tulilomwandalia ni mlafi.

Kama wewe ndiwe mwenye sanduku lile, nakusihi mambo matatu. Usijiadhibu kwa kufunga kesho, maana umesoma lililowapata vijana wa Minnesota. Kabla ya kufungua sanduku, jiulize ni njaa gani inayokuita, na ukiweza iandike katika daftari kwa jina lake: hofu, upweke, aibu, hasira. Tena umwendee mtu mzima unayemwamini, mzazi, mwalimu au mganga wa zahanati, umwambie yote bila kupunguza. Na kama umekwisha kuanza tiba ukaanguka, rudi siku iliyowekwa, ukaanze kwa kusema kwamba umeanguka, kwa sababu habari ya kuanguka ndiyo habari tabibu anayoihitaji kuliko zote.

Na kama wewe si mgonjwa, ila unalala kitanda cha pili kutoka kwake, ukasikia karatasi ya mkate ikichakarika usiku, usimcheke wala usimtangaze. Asubuhi kaa karibu naye mezani, mle uji pamoja, na umwulize kwa upole habari za nyumbani.